Sukari Haipandi kwa Sababu Keshia Amekaa

Ukimuuliza mwenye supamaketi ya bei poa kuhusu hali ya watu wanaofanya kazi ndani ya duka lake, makeshia, wapanga bidhaa, wapima nyama na vijana wa stoo, utajibiwa kwa hoja ambazo ungeweza kuzitaja kabla hajafungua mdomo. Ni zilezile Kariakoo, Nairobi na Kampala, na zilikwisha kusemwa Ujerumani, biashara hii ilikozaliwa, kabla wengi wetu hatujaja duniani. Hazisemwi kwa ubaya. Hata sisi wateja tumezizoea kiasi cha kuzirudia tukiwa kwenye foleni, mkononi tumeshika unga wa ofa. Zipo zenye chembe ya ukweli, na chembe hiyo sitaificha. Zilizobaki ni maneno ya kumpumbaza mtu ili asiulize swali la pili.

"Bei ya chini lazima itoke mahali, nayo inatoka kwenye mishahara. Mkitaka keshia aongezwe, kubalini sukari ipande."

Hii ndiyo hoja kubwa, na nyingine zote zimeegemea hapo, kwa hiyo tuipe nafasi yake.

Ndugu wawili wa mji wa Essen, Karl na Theo Albrecht, walirithi duka dogo la mama yao na kulikuza hadi likawa Aldi, jina lililoanza kuonekana milangoni mwaka 1962. Hawakuanza kwa kuwanyima watu mishahara. Walianza kwa kupunguza bidhaa. Supamaketi ya kawaida ya Ulaya huweka makumi ya maelfu ya aina za bidhaa. Duka la Aldi hata leo huweka takriban 1,500 hadi 2,000. Ukiwa na aina moja ya maharage ya kopo badala ya kumi, unainunua kwa wingi mno, na mwenye kiwanda anakusikiliza. Boksi hukatwa upande mmoja likawekwa rafuni lilivyo, asitafutwe mtu wa kupanga kopo mojamoja. Toroli linafunguka kwa sarafu ya mteja, naye hulirudisha mwenyewe ili aipate sarafu yake, basi hakuna kijana wa kuzunguka nje akikusanya matoroli juani. Mistari myeusi inayosomwa na mashine huchapwa pande kadhaa za pakiti, keshia asipoteze muda kuigeuzageuza. Lidl walifuata njia hiyohiyo: duka lao la kwanza, lililofunguliwa Ludwigshafen mwaka 1973, lilikuwa na wafanyakazi watatu na aina 500 hivi za bidhaa.

Angalia vizuri mambo hayo yote. Kila moja linapunguza saa za kazi zinazohitajika ili pakiti itoke kwenye lori hadi kwenye mfuko wa mteja. Hakuna hata moja linalodai kwamba saa yenyewe ilipwe kidogo. Ndiyo maana kampuni hizo ziliweza kufanya jambo ambalo kwa hoja ya hapo juu lisingewezekana. Mwaka 2010, Ujerumani ikiwa bado haina kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, Lidl ilijiwekea yenyewe kima cha euro 10 kwa saa. Serikali ilikuja kuweka cha kwake miaka mitano baadaye, Januari 2015, nacho kilikuwa euro 8.50. Mwaka huo huo wa 2015 Lidl ilitangaza kwa wafanyakazi wake wa Uingereza pauni 8.20 kwa saa, na 9.35 kwa walioko London, wakati kima cha kisheria cha mtu mzima kilichoanza Oktoba ile kilikuwa pauni 6.70. Je, sukari ilipanda wateja wakakimbia? Maduka haya ya Kijerumani yaliendelea kuwanyang'anya wenzao wateja, hata ilipofika Septemba 2022 Aldi ikaipita Morrisons na kuwa supamaketi ya nne kwa ukubwa Uingereza.

Tuje nyumbani, tupige hesabu ya kubuni lakini isiyo mbali na hali halisi. Duka lina wafanyakazi 20 na wateja 1,000 kwa siku. Mwenye duka akimwongezea kila mfanyakazi shilingi 50,000 za Tanzania kwa mwezi, gharama yake imepanda kwa shilingi milioni moja. Kwa siku 30 wateja ni 30,000. Gawanya: ni shilingi 33 na senti kadhaa kwa kila mteja. Weka juu yake mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii na tozo nyingine za mishahara, hufiki 40. Kwa fedha hiyo hupati hata pipi, na siku keshia akikosa chenji wengi wetu tunaacha zaidi ya hapo. Kwa mfanyakazi, hata hivyo, elfu 50 ni theluthi nzima ya kima cha chini cha sekta ya biashara kilichoanza kutumika Tanzania Januari 2023, ambacho kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi.

Na kama mishahara ndiyo inayoua maduka, tungekuwa na makaburi ya kuonyeshana. Tunayo makaburi kweli, lakini marehemu hawakufa kwa ugonjwa huo. Nakumatt, iliyokuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilipanuka kwa kukopa hadi wasambazaji wakaacha kuleta mali. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Supamaketi ya Uchumi iliondoka Tanzania na Uganda mwaka 2015. Tuskys ilianza kufunga matawi 2020 huku ikilemewa na madeni ya wasambazaji na ugomvi wa ndugu wenye mali. Katika yote matatu, mfanyakazi wa dukani ndiye aliyebaki akidai.

Aliyejaribu kushindana kwa kumkamua mfanyakazi alikuwepo pia, Ujerumani hukohuko. Anton Schlecker alikuwa na maelfu ya maduka ya bei ya chini ya sabuni, nepi na vipodozi. Mwaka 1998 mahakama ilimhukumu yeye na mkewe kifungo cha nje cha miezi kumi kwa kuwadanganya wafanyakazi kwamba wanalipwa kwa viwango vya makubaliano na chama cha wafanyakazi, kumbe sivyo. Baadaye akafunga maduka madogo, akafungua makubwa, na kuwarudisha watu kazini kupitia wakala kwa ujira wa chini zaidi. Wateja walichukia, na mwaka 2012 kampuni ikafilisika. Watu wapatao 25,000 walipoteza kazi. Mshindani wake, dm, aliyesifika kwa kuwatendea wafanyakazi vizuri zaidi, yuko imara mpaka leo.

"Basi tuwaige Wazungu. Kule keshia anaishi kama mfalme."

Hii ni hoja ya upande wa pili, nayo huletwa na ndugu zetu walioko Ulaya wanaporudi likizo. Siikubali pia. Chama cha wafanyakazi cha ver.di cha Ujerumani kilitoa mwaka 2004 kitabu kizima cha malalamiko dhidi ya Lidl: saa za ziada zisizolipwa, watu kufuatwafuatwa, vitisho kwa waliotaka kuunda baraza la wafanyakazi. Duka lenye watu wachache kwa zamu maana yake mtu yuleyule anatoka kwenye mashine ya malipo, anatia mikate kwenye tanuri, anavuta mzigo wa maziwa kutoka stoo, anapiga deki, halafu kengele inalia arudi kwenye mashine. Na ukarimu wa mshahara haukwenda pamoja na ukarimu wa kusikiliza: mwaka 2017 Lidl ilifika hadi Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikipinga kukitambua chama cha GMB katika ghala lake la Bridgend, Wales. Ilishindwa.

Kinachofaa kuigwa kutoka kule ni kitu kimoja tu: ushahidi kwamba bei ya chini na mshahara wa maana hukaa nyumba moja. Mengine yalipatikana kwa kuvutana, na bado wanavutana.

"Kazi yenyewe ni nyepesi. Kupitisha bidhaa kwenye mashine, nani hawezi?"

Anayesema hivi hajawahi kufanya zamu moja ya mwisho wa mwezi. Keshia anashughulika kwa wakati mmoja na fedha taslimu, malipo ya simu yasiyoleta ujumbe, kadi inayokataa, bei ya rafuni isiyolingana na ya kwenye mashine, mtoto aliyemwaga juisi na mteja wa nyuma anayeguna. Akikosea shilingi elfu tano, ni zake. Mpanga bidhaa anainama na kunyanyuka mamia ya mara, akibeba marobota ya sabuni na mafuta ya lita 20, na anatakiwa ajue tarehe za kuisha muda ili maziwa ya zamani yakae mbele. Kabla mashine za kusoma mistari hazijafika Aldi, makeshia wake walikuwa wakikariri bei na namba za bidhaa zote na kuzibonyeza bila kuangalia. Uliza benki ngapi zina mtu wa kiwango hicho.

Zeynep Ton, profesa wa Marekani aliyechapisha mwaka 2014 kitabu kuhusu ajira nzuri katika maduka ya bei ya chini, aligundua jambo ambalo kila mama mwenye genge analijua: mali inaweza kuwa stoo, imelipiwa, na mteja akaambiwa imekwisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuitoa. Mfano alioutumia sana ni Mercadona ya Hispania, ambayo huuza kwa bei ya chini huku karibu wafanyakazi wake wote wakiwa na mikataba ya kudumu na mafunzo ya kutosha. Mfanyakazi aliyefundishwa anajua nini kimebaki na nini kiagizwe. Ukimbadilisha kila miezi mitatu, ujuzi huo unatoka naye mlangoni.

"Keshia akikaa anaonekana mvivu. Kusimama ni kumheshimu mteja."

Hapa nitakaa kidogo, maana sijui hoja nyingine yenye gharama ndogo ya kurekebisha na ubishi mkubwa kama hii.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya viti vya wauzaji wa dukani mwaka 1899. Ilimtaka mwenye duka aweke angalau kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wanaohudumia. Malkia Victoria alikuwa bado hai. Mwaka 1964 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 120 kuhusu usafi na afya katika biashara na ofisi, ambao unataka wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na vinavyofaa, na wapewe pia nafasi ya kuvitumia. Sehemu hiyo ya pili iliwekwa na watu wanaolijua duka, kwa sababu kiti cha maonyesho tumekiona. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema vivyo hivyo: anayefanya kazi kwa kusimama awekewe pa kukaa ili apumzike inapowezekana, na kazi ambayo sehemu yake kubwa inaweza kufanyika kwa kukaa iwe na kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kupitisha bidhaa mbele ya mashine ni kazi ya namna gani kama si hiyo?

Marekani, makeshia wa Walmart wa jimbo la California walikwenda mahakamani kwa ajili ya kiti, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 65 kumaliza kesi. Hesabu mwenyewe ni viti vingapi.

Na makeshia wenye kasi ya kuogopesha, wale ambao mteja anashindwa kujaza mfuko wake kwa jinsi bidhaa zinavyomjia, ni wa Aldi na Lidl. Wote wamekaa. Kwa hiyo habari ya uvivu haina miguu. Heshima nayo inachagua watu wa ajabu: karani wa benki anakuhudumia amekaa, daktari amekaa, wakala wa fedha za simu aliye mlangoni mwa duka hilohilo amekaa, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Ni huyu mmoja tu, mara nyingi mwanamke, wakati mwingine mjamzito, anayeambiwa kwamba miguu yake iliyovimba ndiyo adabu. Mteja hakuomba adabu hiyo. Mteja aliomba mashine ya pili ifunguliwe.

"Shoti ni yake. Aliyekabidhiwa fedha azilipe."

Yapo yaliyo kweli: fedha zikipotea kwa uzembe wa mtu au kwa wizi wake, haki inataka awajibike. Sheria zetu zinakubali hivyo. Tatizo ni kile kinachofanyika kwa jina la uwajibikaji. Droo moja inatumiwa na watu wawili, mmoja kaenda kula. Nywila ya mashine inajulikana na supavaiza na nusu ya duka. Fedha zinahesabiwa chumbani, keshia akiwa kwake kitandani. Kesho anaambiwa una shoti ya elfu 18, na mwisho wa mwezi haipo kwenye karatasi ya mshahara kama adhabu wala kama deni, haipo tu. Mbaya kuliko zote ni ile ya mwisho wa robo, mali inapohesabiwa ikaonekana pungufu, na upungufu ukagawanywa kwa wote, hadi kwa mfagiaji.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haikuliacha jambo hili hewani. Ili mwajiri akate fedha kufidia hasara, hasara iwe imetokea katika kazi na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi alivyokipiga hesabu. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Akubali kwa maandishi. Jumla isizidi hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Pima sasa ile ya kugawana upungufu wa stoo dhidi ya masharti hayo. Haipiti hata la kwanza, kwa sababu kosa la wote ni kosa la asiyejulikana.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu makato ya upungufu wa fedha pale tu uzembe au udanganyifu ulipo, na kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi waziwazi kupokea, kutunza na kulipa fedha. Mpanga rafu hayumo humo. Mfagiaji hayumo.

Dawa yake haihitaji semina. Kila keshia awe na droo yake na nywila yake, fedha zihesabiwe mbele yake mwanzo na mwisho wa zamu, wasaini wote wawili. Duka linalokataa utaratibu huu lina sababu zake.

Na muda wa kuhesabu ni kazi. Wapo wanaosema zamu imekwisha mlango unapofungwa saa 3 usiku, yanayofuata ni "kumalizia". Saa za kazi Tanzania ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Za ziada hazizidi saa 50 katika wiki nne, hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Baada ya saa tano mfululizo kuna mapumziko ya saa nzima. Dakika 40 za kila usiku, ukizizidisha kwa zamu 26, ni zaidi ya saa 17 kwa mwezi. Nani amezilipa?

"Wezi wakubwa ni wao wenyewe. Bila kamera na upekuzi tungefunga."

Wafanyakazi wanaoiba wapo. Wapo pia wateja wanaoiba, wasambazaji wanaoleta maboksi 48 yakasainiwa 50, nyanya zinazooza na mameneja wanaofuta mauzo kwenye mfumo. Ajabu ni kwamba mkoba unaopekuliwa mlangoni ni wa yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Machi 2008 gazeti la Stern lilifichua kwamba Lidl ilikodi wapelelezi kufunga kamera ndogo katika maduka yake kadhaa ya Ujerumani. Kisingizio kilikuwa wizi wa wateja. Ripoti zilizoandikwa ziliwahusu wafanyakazi: nani kaenda chooni mara ngapi, nani ana mpenzi, nani ana shida ya fedha. Mwezi Septemba mamlaka za kulinda taarifa binafsi ziliitoza kampuni faini ya karibu euro milioni 1.5. Mwaka uliofuata, karatasi zenye maelezo ya magonjwa ya wafanyakazi zilikutwa kwenye pipa la taka mjini Bochum, na mkuu wa Lidl Ujerumani akaachishwa. Leo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Kamera juu ya mashine ya fedha ina maelezo. Inayoelekea mlango wa choo haina.

Kipo pia kisa cha Barbara Emme, keshia wa supamaketi ya Kaiser's mjini Berlin, aliyefanya kazi miaka 31. Mwaka 2008 alifukuzwa kwa tuhuma ya kutumia stakabadhi mbili za chupa tupu zilizoachwa na mteja, moja ya senti 48, nyingine ya senti 82. Jumla euro 1.30. Mahakama mbili zikamwambia mwajiri yuko sawa. Juni 2010 Mahakama Kuu ya Kazi ya Shirikisho ilibatilisha kufukuzwa kwake: haikusema alichofanya ni kizuri, ilisema imani iliyojengwa kwa miongo mitatu haifutwi na jambo dogo namna hiyo, onyo lingetosha. Nchi nzima ilimjadili, na ilikuwa wakati wa mtikisiko wa mabenki, watu wakiona waliopoteza mabilioni wakiondoka na marupurupu.

Hofu ya wizi ina upande mwingine ambao hauchekeshi: milango. Januari 2009 tawi la Nakumatt la katikati ya Nairobi liliteketea, watu zaidi ya 20 wakafa, na swali lililotawala baada ya moshi lilikuwa kwa nini milango haikuwafaa waliokuwa ndani. Marekani, maduka ya bei ya chini ya Dollar General yalitozwa faini mwaka baada ya mwaka kwa njia za dharura kuzibwa na maboksi, jambo la kawaida duka likiwa na mali nyingi na watu wawili wa kuipanga. Julai 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 12 na kurekebisha. Meneja anayetia kufuli mlango wa nyuma ili mali isitoke anawafungia watu ndani.

"Huyo si mfanyakazi wetu. Ni kibarua tu, au kaletwa na kampuni ya sabuni."

Kibarua wa miaka mitatu ni kichekesho cha Afrika Mashariki. Kenya imekijibu: kibarua akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, sheria inamhesabu kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na haki zinazoambatana nao, ikiwemo likizo ya siku 21 baada ya mwaka. Kumwambia "usije Jumatatu, njoo Jumanne" ili hesabu ianze upya ni ujanja ambao majaji wa kazi wameshauona.

Kuhusu wale vijana wenye fulana za kampuni za sabuni, mafuta na biskuti wanaopanga rafu, wanafagia na kubeba mizigo ya duka zima, mteja hawezi kuwatofautisha na wenyeji, na meneja huwaamuru kama wenyeji. Ila mshahara, bima na jeraha la mgongo ni vya mtu mwingine. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ilipoitoza Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 Desemba 2023 kwa kuwaonea wasambazaji, ilitaja miongoni mwa makosa jambo hili la kuwalazimisha wasambazaji kupeleka wafanyakazi wao madukani. Mamlaka ilikuwa ikimtetea msambazaji. Kijana mwenyewe hakuna aliyemtaja kwa faini, lakini sasa angalau imeandikwa mahali kwamba ile ni kazi ya duka.

"Asiyetaka aache. Nje wamejaa wanaosubiri."

Kweli wamejaa. Hiyo ni habari ya ukosefu wa ajira, na haijabadilisha kifungu chochote cha sheria nilichokitaja. Hoja hii hutolewa na mtu aliyeishiwa hoja, kwa hiyo sitaipotezea wino.

Nitamalizia na wewe unayesoma hapa ukiwa na fulana ya duka. Tunza karatasi za mshahara, piga picha ratiba ya zamu, andika tarehe na kiasi cha kila makato. Tanzania, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, yakiwemo makato na saa za ziada, ndani ya siku 60; fomu ya kuanzia ni CMA F1. Chama cha sekta ya biashara ni TUICO. Kenya, anza na ofisi ya kazi ya kaunti yako, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hupokea madai ya mkataba ndani ya miaka mitatu. Siku hizo zinahesabika hata kama bado unasubiri meneja apigiwe simu na makao makuu.